Ubatizo Wao Usigeuzwe Hati ya Kuwafukuza



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tutoke kidogo nje ya masomo ya Dominika. Baada ya mafundisho ya jumuiya juu ya utunzaji wa mazingira, baadhi ya waamini wametuuliza: Kanisa linasema nini pale serikali inapowaondoa watu msituni ili msitu upate kupona? Swali ni zuri, na halijibiwi kwa sentensi mbili mlangoni mwa kanisa baada ya Misa. Tumeona heri tulijibu kwa maandishi, tena kwa njia ya kesi moja iliyoamuliwa hapa hapa Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ni kesi ya Waogiek wa Msitu wa Mau, nchini Kenya.

Waogiek ni watu wa msitu. Tangu zamani wameishi kwa kurina asali, kuwinda na kukusanya mazao ya porini. Mau ni msitu wenye ukubwa wa takriban hekta 400,000 katika Bonde la Ufa, na maji yake yanatufikia hata sisi, maana Mto Mara unaonywesha wanyama wa Serengeti chanzo chake ni huko. Kwa hesabu iliyotajwa mbele ya majaji, Waogiek wote ni kama 20,000, na kama 15,000 kati yao ndio waishio katika eneo la Mau. Wengi wetu tumewazoea kwa jina la Wandorobo, jina ambalo si lao. Limetokana na Kimasai, na maana yake ni watu maskini wasio na ng'ombe. (Waakie wa Kiteto, walio jamaa zao kwa lugha na kwa maisha, nao huitwa hivyo hivyo.) Mtu aliyeridhika na mzinga wake anaitwa maskini na jirani aliye na zizi, na jina hilo linaandikwa katika vitabu vya serikali. Tuliseme hilo mapema, kwa sababu mengi yaliyofuata yametoka humo: anayeonekana hana kitu ni rahisi kumwambia ahame.

Mwezi Oktoba 2009 shirika la serikali ya Kenya linalosimamia misitu liliwapa Waogiek pamoja na walowezi wengine wa Mau siku 30 za kuondoka. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda chanzo cha maji. Haikuwa mara ya kwanza kwa Waogiek kuambiwa waondoke, kwa maana tangu enzi ya wakoloni wamekuwa wakisukumwa kutoka kona moja ya msitu hadi nyingine. Safari hii mashirika yanayowatetea yalipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia. Mwaka 2012 Tume hiyo ikalifikisha shauri Mahakamani. Machi 2013 majaji wakaiamuru serikali isifanye jambo ambalo lingeliharibu shauri kabla ya kusikilizwa, na tarehe 26 Mei 2017 wakatoa hukumu, ya kwanza ya Mahakama hiyo juu ya haki za watu wa asili.

Serikali ilionekana kuwa imevunja haki ya kutobaguliwa, haki ya dini, haki ya mali, haki ya utamaduni, haki ya watu kuutumia utajiri wa nchi yao na haki ya maendeleo. Dai moja, kwamba hata haki ya kuishi ilivunjwa, halikukubaliwa. Tunalitaja hilo ili ieleweke kwamba majaji hawakuwa wakigawa ushindi kama peremende kwa watoto wa Utoto Mtakatifu.

Mengi yameandikwa na wanasheria juu ya haki ya mali katika kesi hii. Sisi tunapenda kukaa zaidi penye haki ya dini, kwa kuwa hapo ndipo Ukristo wetu ulipotajwa, na ulitajwa kwa namna isiyotupendeza hata kidogo.

Waogiek walieleza kwamba msitu ndio mahali pao pa kumwabudu Mungu. Yako mapango, vilima na miti ya pekee ambako wanafanyia ibada, na desturi yao ya kale ilikuwa kuwalaza wafu wao chini ya mti wanaouita yemtit, ulio aina ya mzeituni wa porini. Kuwaondoa msituni, walisema, ni kuwatoa hekaluni. Serikali ikajibu kwa hoja kadhaa, na mojawapo ilikuwa hii: kwamba Waogiek wameiacha dini ya mababu zao kwa sababu wamekuwa Wakristo.

Wapendwa, hoja hii tusiipite haraka. Mtoto wa Kiogiek aliletwa na wazazi wake akamwagiwa maji, akapakwa mafuta matakatifu, akavikwa nguo nyeupe. Miaka ikapita. Kisha siku moja wakili wa serikali anasimama mbele ya majaji na kusema, kwa maana yake, kwamba mtoto yule amebatizwa na kwa hiyo msitu hamhusu tena. Ubatizo, ambao sisi tunaufundisha kuwa mlango wa uzima mpya na uhuru wa wana wa Mungu, unaletwa mezani kuwa kielelezo cha kumwondolea mtu haki ya pango alilosalia babu yake.

Mahakama haikuikubali hoja hiyo. Ilisema kwamba si Waogiek wote waliokuwa Wakristo, na tena kwamba hakuna ushahidi ulioletwa kuonyesha kuwa kuupokea Ukristo ni kuziacha kabisa desturi zote za kiroho za asili. Ikaongeza kwamba zilikuwapo njia nyepesi kuliko kuwafukuza: kama tatizo ni mazishi, waelimishwe juu ya sheria za afya, kama tatizo ni utunzaji wa mahali pa ibada, washirikiane na serikali, na ada walizotakiwa kulipa ili kufika mahali pao pa ibada ziondolewe. Naam, ada. Mkristo anayesoma haya na afikiri kidogo juu ya kukata tiketi langoni ili aende kusali penye kaburi la bibi yake.

Majaji si wanateolojia, lakini hapo walisema kweli ambayo wengine wetu tunaisahau. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulifundisha kwamba Kanisa halikatai kitu chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ililiweka utamadunisho miongoni mwa mambo makubwa ya uinjilishaji barani kwetu. Sasa basi, utamadunisho hauishii kwenye ngoma za kupeleka vipaji na vitenge vya kwaya. Kama Injili inaingia katika utamaduni na kuutakasa, ni lazima utamaduni huo uwe na mahali pa kukaa, na kwa watu wa msitu mahali hapo ni msitu.

Hapa kwetu kaskazini jambo hili halihitaji maelezo marefu. Wachaga wamepokea Injili kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, wametoa mapadre, watawa na maaskofu, na bado marehemu wao wanazikwa kihambani. Kila Desemba barabara ya Moshi hujaa magari ya watoto wanaorudi nyumbani, na baada ya Misa ya Noeli wanakwenda kusimama penye makaburi katikati ya migomba. Hatujawahi kumsikia mtu akisema kwamba kwa kuwa Mchaga amebatizwa basi kihamba si chake tena, au kwamba kwa kuwa amejenga nyumba ya tofali na ana simu ya mkononi basi amepoteza uhusiano na ardhi ya mababu. Angesema hivyo angechekwa. Lakini Mwogiek aliambiwa yote mawili: kwamba amekuwa Mkristo, na kwamba amebadilika, havai tena ngozi, analima kidogo na kufuga kidogo. Mahakama ikajibu kwamba utamaduni hautambulikani kwa kusimama palepale, kwani watu hubadilika na bado wakabaki kuwa wao.

Yako mengine yanayotufanya sisi Wakatoliki tuikatae hoja ile kuliko watu wengine wote. Mwaka 1452 na mwaka 1455 Papa Nikolao V alitoa hati kwa mfalme wa Ureno, na mwaka 1493 Papa Aleksanda VI akatoa nyingine kwa wafalme wa Hispania. Kwa hati hizo watawala wa Ulaya walijiona wana ruhusa ya kuzitwaa nchi za watu wasio Wakristo, na pwani yetu ya Afrika nayo iliguswa. Baadaye wanasheria walizijengea juu yake nadharia nzima iliyoitwa fundisho la ugunduzi, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliitegemea mwaka 1823 kuamua kwamba wenyeji wa nchi ile hawakuwa na umiliki kamili wa ardhi yao. Haki inatudai tuseme pia kwamba mwaka 1537 Papa Paulo III alifundisha kinyume: kwamba wenyeji wa Amerika wasinyang'anywe uhuru wala mali zao, hata kama wako nje ya imani ya Kristo. Walioshika bunduki hawakumsikiliza sana. Ilichukua muda mrefu mno mpaka neno lisemwe bila kuzungushwa. Julai 2022 hayati Papa Fransisko alikwenda Kanada kuwaomba radhi watu wa asili kwa mabaya waliyotendewa katika shule za bweni zilizoendeshwa na Wakristo, na tarehe 30 Machi 2023 mabaraza mawili ya Kipapa yakatoa tamko la pamoja la kulikana rasmi fundisho la ugunduzi, yakieleza kwamba hati zile hazikuonyesha ipasavyo hadhi sawa ya watu wa asili na kwamba Kanisa halikuzihesabu kamwe kuwa sehemu ya imani.

Tazameni basi jinsi mambo yalivyogeuka. Karne ya kumi na tano watu walipokwa ardhi kwa kuwa hawakuwa Wakristo. Karne ya ishirini na moja, huko Mau, walitaka kupokwa kwa kuwa ni Wakristo. Imani ikitakiwa kutumika hivi, mnyonge hana pa kukimbilia: asipobatizwa anapoteza, akibatizwa anapoteza. Ndiyo maana tunadhani padre na mwamini wa Afrika Mashariki wana neno la kusema katika jambo hili ambalo wanasheria hawawezi kutusemea.

Turudi kwenye swali la waamini wetu, yaani msitu wenyewe. Hakuna anayebisha kwamba Mau umeharibiwa, na maji yakipungua huko, wanaoumia ni mamilioni, na wengi wao ni maskini. Waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 unatufundisha kusikia kwa wakati mmoja kilio cha dunia na kilio cha maskini. Nani basi aliuharibu? Mahakama iliutazama ushahidi, ikaona kwamba sababu kubwa za kuharibika kwa Mau ni watu wengine walioingia, serikali yenyewe kuyamega maeneo ya msitu kwa ajili ya makazi, na vibali vya kukata mbao vilivyotolewa bila busara. Mwaka 2001 pekee takriban hekta 60,000 za Mau ziliondolewa katika hifadhi ya msitu kwa amri ya serikali. Mrina asali haukati mti ambao nyuki wake wanautegemea. Waraka ule ule wa Papa Fransisko unasema kwamba watu wa asili wanapobaki katika ardhi yao, wao ndio huitunza vizuri zaidi, na kwamba kwao ardhi ni zawadi ya Mungu na ya mababu waliozikwa humo, wala haihesabiwi kuwa bidhaa.

Hatusemi kwamba kila aliyeingia Mau ni mwizi. Mwaka 2018 na 2019 maelfu ya familia za walowezi waliondolewa upande wa Narok, na wengi wao walikuwa wakulima wadogo walionunua viwanja kwa fedha yao halali kutoka kwa watu wenye karatasi zenye mihuri. Nao walilala nje na watoto wao. Mahakama ililiona hilo pia: pale ambapo ardhi ya Waogiek imekwisha kutolewa kwa wengine, iliamuru pafanyike mazungumzo kati ya pande zote, ndipo ifuate fidia au kurudishiwa. Haikuamuru mtu atupwe barabarani ili mwingine aingie.

Wako watakaosema: mbona sisi Waafrika wote ni watu wa asili? Hata baadhi ya serikali zetu husema hivyo. Tunaelewa hoja hiyo inakotoka. Sisi Watanzania tulilelewa na Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere katika fundisho la taifa moja lisilo na ukabila, nalo ni tunu ambayo hatutaki kuipoteza. Lakini Mahakama haikuuliza nani ana ngozi nyeusi. Iliuliza nani alitangulia kuishi mahali pale, nani anaendelea kwa hiari yake na maisha yaliyo tofauti, nani anajitambua na kutambuliwa kuwa jamii ya pekee, na nani amebaguliwa na kuwekwa pembeni kwa sababu hiyo. Katika hali kama hiyo kumwambia Mwogiek kwamba sote ni sawa ni kumwambia anyamaze. Umoja wa Mataifa ulipopigia kura Azimio la Haki za Watu wa Asili tarehe 13 Septemba 2007, Tanzania ilisema ndiyo. Kenya haikuchagua upande. Lakini miaka mitatu baadaye Wakenya walijiandikia Katiba mpya, na Ibara yake ya 63 inahesabu kuwa ardhi ya jamii zile ardhi za mababu na zile zilizokaliwa kwa jadi na wawindaji na wakusanyaji. Kwa hiyo majaji wa Arusha hawakuwaletea Wakenya kitu kigeni.

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ilitoa hukumu ya pili, ya fidia. Serikali iliamriwa kulipa shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa maumivu ya moyo, fedha hizo ziingie katika mfuko wa maendeleo wa jamii. Ukizigawa kwa watu 20,000, kila mmoja hafikishi shilingi 8,000. Tunaitaja hesabu hiyo kwa wale wanaodhani kwamba watu hawa walikwenda mahakamani kutafuta utajiri. Jambo lenye uzito ni lile lingine: serikali ilipewa miaka miwili kupima ardhi ya Waogiek, kuweka mipaka na kuwapa hati ya kuimiliki kwa pamoja.

Novemba 2023, kabla hata muda huo haujaisha, mamia ya Waogiek wa Sasimwani, katika kaunti ya Narok, walibomolewa nyumba zao na kuondolewa. Juni 2024 ilifika na kupita bila hati ya pamoja.

Hapa ndipo tunapomkumbuka Nabothi wa Yezreeli, katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mara nyingi tunamhubiri Ahabu kama mnyang'anyi wa kawaida, lakini tukisoma vizuri tunaona kwamba mwanzoni alitoa masharti ambayo serikali nyingi za leo zingejivunia: shamba bora zaidi mahali pengine, au fedha taslimu. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na urithi katika Israeli haukuwa kitu cha kupangiwa bei. Na alipouawa, aliuawa kwa utaratibu. Palikuwa na barua zenye mhuri wa mfalme, palikuwa na wazee wa mji, palikuwa na mashahidi wawili kama Torati inavyotaka. Kila karatasi ilikuwa sawa.

Kuna jambo moja katika sura ile ambalo mahubiri yetu huliruka. Ahabu alipokemewa na Eliya alirarua nguo zake, akavaa gunia, akafunga, na Mungu akaahirisha adhabu yake. Majuto yake yalikuwa ya kweli. Lakini hakuna mahali Maandiko yanaposema kwamba shamba lilirudishwa kwa jamaa ya Nabothi. Ahabu alijuta huku shamba likiwa mkononi. Mtoto wa Komunyo ya Kwanza anajua kwamba aliyeiba kuku akiungama haendi nyumbani akamle kuku huyo. Sakramenti ya Kitubio ina majuto, ina maungamo, na ina malipizi. Zakayo alilifahamu hilo kabla Bwana hajamwambia. Mahakama haikuona haja ya kuiamuru serikali ya Kenya iombe radhi hadharani, ikisema hukumu yenyewe yatosha. Sisi tungependa kuisikia radhi hiyo, kwa kuwa maneno yanaponya. Lakini kama ni kuchagua, Waogiek na wapewe hati kwanza.

Na sisi wa upande huu wa mpaka tusijitie kiburi. Mahakama hii imejengwa katika ardhi yetu, lakini Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kuishitaki moja kwa moja mbele yake. Mwananchi anaweza kupita kila siku mbele ya lango la Mahakama ya Afrika, na mlango huo, kwa nchi yake, haufunguki kwa mkono wake. Wazee wa Meru watakumbuka kwamba Wameru wa Engare Nanyuki walipoondolewa na Waingereza mwaka 1951, Kirilo Japhet alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata kupeleka kilio chao, wakati ambapo Mwafrika hakuwa na taifa lake. Ni vigumu kueleza kwa nini mjukuu apate njia ndefu zaidi kuliko babu.

Juu ya Loliondo, tunajua wengi wenu mnangoja tuseme. Juni 2022 kilomita za mraba 1,500 zilitengwa kuwa eneo la uhifadhi na Wamasai wakaondolewa humo. Septemba mwaka ule Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko hapa Arusha, ilitupilia mbali kesi ya vijiji vyao. Mwaka 2023 Kitengo chake cha Rufaa kikaamuru shauri lisikilizwe upya. Tunaloweza kusema ni lile tulilosema juu ya Mau: mwenye kutaka kulinda wanyama na maji ana nia njema, lakini nia njema haimpi ruhusa ya kuanza na nyumba ya asiye na nguvu. Tena lipo la kututia moyo nyumbani kwetu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya haki miliki ya kimila kwa pamoja, kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ambayo tayari tulikuwa nayo. Hawa ndio watu ambao miaka ya 1960 walikusanywa Yaeda Chini wafundishwe kulima, wakarudi porini kwao. Hati ile haikuhitaji majaji wa bara zima. Ilihitaji maofisa wa ardhi waliokubali kwamba kula mizizi, asali na nyama ya porini ni kuitumia ardhi.

Kamati ya Haki na Amani ya parokia itakutana siku ya Alhamisi saa kumi jioni. Tumewaomba walimu wawili wanaofahamu sheria ya ardhi waje kueleza jinsi kijiji kinavyoweza kuomba hati ya pamoja, kwa maana wapo wafugaji na warina asali katika vigango vyetu ambao hawajawahi kuiona karatasi hiyo. Viongozi wa vigango wawaalike kwa majina yao wenyewe, si kwa yale tuliyowapachika. Jumuiya ndogondogo zisome sura ya Nabothi mpaka mstari wa mwisho. Na katika sala za waamini za Dominika ijayo tutaweka nia kwa ajili ya Waogiek wa Sasimwani, kwa ajili ya walowezi walioondolewa kabla yao, na kwa ajili ya yule ofisa, yeyote atakayekuwa, ambaye faili la hati ile liko mezani pake.

Tumsifu Yesu Kristo.
Paroko wenu